Shule ya kata imefaulisha asilimia 90. Asilimia 90 ya nani?

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) likitangaza matokeo ya kidato cha nne, shule hupangwa kwa namba moja: asilimia ya ufaulu. Inasomwa kwenye vikao vya kata, kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi na kwenye ofisi za halmashauri. Mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, lakini watu wanajipangia wenyewe kwa kuwa matokeo ya kila shule yapo wazi mtandaoni. Kuyapanga si kosa. Shida inaanza pale yanaposomwa bila kuuliza nani alikuwa darasani: aliingia na ufaulu gani wa darasa la saba, anatembea kilomita ngapi, na wenzake wangapi walianza naye kidato cha kwanza wasifike cha nne. Mkuu wa shule mmoja anaweza kupongezwa kwa kazi iliyofanywa na uchaguzi wa wanafunzi, na mwingine akasemwa vibaya kwa sababu alipokea kila mtoto wa kata yake.

Tuifungue shule moja ya kutwa ya kata, hatua kwa hatua. Namba za shule hii ni za mfano, tumezipanga wenyewe ili hesabu ionekane. Kanuni, madaraja na nyaraka zinazotajwa ni za kweli.

Ukurasa wenyewe

Juu ya ukurasa wa matokeo wa kila kituo kuna jedwali la madaraja: I, II, III, IV na 0, likiwa na mstari wa F kwa wasichana, M kwa wavulana na T kwa jumla. La shule yetu linasomeka hivi: wasichana 1, 2, 5, 37 na 7, wavulana 3, 5, 8, 40 na 4. Jumla yao ni 112. Waliopata sifuri ni 11, waliofaulu ni 101. Hiyo ndiyo asilimia 90 inayotangazwa kwenye mkutano wa wazazi.

Shuka sasa kwenye mstari wa mtahiniwa mmoja. AGGT (jumla ya pointi) 30, DIV IV, halafu masomo: CIV D, HIST F, GEO D, KISW C, ENGL D, BIO F, B/MATH F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, na zinazojumlishwa ni pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Divisheni one ni pointi 7 hadi 17, two ni 18 hadi 21, three ni 22 hadi 25, four ni 26 hadi 33. Mtoto huyu ameanguka masomo matatu kati ya saba, hisabati ikiwemo, na C yake pekee ni ya Kiswahili. Bado yumo ndani ya ile asilimia 90. Hata angekuwa na D mbili na F tano, pointi zingekuwa 33 na angehesabiwa amefaulu. D yenyewe inaanzia alama 30 kwa 100.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ya kufanya ni ya divisheni one hadi three, ambayo Baraza huiita ubora wa ufaulu. Kwa shule yetu ni 24 kati ya 112, yaani asilimia 21. Tofauti hii haipo kwenye shule za kata peke yake. Katika matokeo ya mwaka 2024 ufaulu wa taifa ulikuwa asilimia 92.37, lakini waliopata divisheni one hadi three walikuwa karibu asilimia 43. Maana yake, karibu nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa divisheni four. Shule inayojisifu kwa ufaulu wa jumla bila kutaja namba ya pili imeeleza nusu ya habari.

Kuna GPA pia, yaani wastani wa pointi, na watu wengi huisoma kinyume. Kwa NECTA GPA ndogo ndiyo nzuri, maana inatokana na zile pointi 1 hadi 5. Shule iliyotoka 3.9 kwenda 3.7 imepanda.

Na tahadhari kwa wanaopenda kuchora mstari wa miaka kumi au kumi na tano. Matokeo ya mwaka 2012, yale ambayo watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri, yalifutwa na kupangwa upya, na asilimia ya ufaulu ikapanda bila mwanafunzi hata mmoja kurudia mtihani. Mwaka 2014 madaraja yalibadilishwa kuwa mfumo wa GPA, kisha mwaka uliofuata divisheni zikarudishwa. Ukiunganisha miaka hiyo kwa mstari mmoja, unachopima ni kanuni za upangaji na si darasa.

Chini ya ukurasa lipo jedwali la masomo, lenye safu za REG, SAT na PASS: waliosajiliwa, waliofanya na waliofaulu. Wengi huliruka. Mfano, fizikia inaonyesha waliofanya 20 na waliofaulu 13, asilimia 65. Hisabati inaonyesha waliofanya 112 na waliofaulu 17, asilimia 15. Je, mwalimu wa fizikia ni hodari kuliko wa hisabati? Jedwali halisemi hivyo. Fizikia inachukuliwa na waliobaki mchepuo wa sayansi baada ya kidato cha pili, na hisabati ni ya lazima kwa wote. Ukitaka kuwalinganisha walimu hao wawili, watafute wale 20 wa fizikia na uone walipata nini kwenye hisabati. Na kumbuka kuwa hisabati kitaifa imekuwa ikifaulisha karibu robo tu ya watahiniwa, kwa hiyo asilimia 15 ipimwe na robo hiyo, isipimwe na asilimia 92.

Wasioonekana kwenye ukurasa

Watahiniwa 112 ndio waliofika. Rudi miaka minne nyuma, fungua rejista ya udahili ya kidato cha kwanza. Waliochaguliwa kuja shule hii walikuwa 210. Walioripoti ni 180. Hao 30 wa katikati hawana mwalimu anayewadai, lakini mtendaji wa kata anapaswa kuwa na majina yao, maana baadhi wamekwenda shule binafsi na wengine hawajaenda popote.

Anza na 180. Waliohamia shule nyingine ni 14: toa. Waliohamia kwetu ni 6: ongeza. Wanabaki 172. Upimaji wa kidato cha pili hauruhusu asiyefikia kiwango kuendelea, anarudia darasa; kundi hili limeacha nyuma 15 na limewapokea warudiaji 11 wa mwaka uliotangulia. Tunafika 168. Hao ndio waliotarajiwa kukaa kwenye mtihani. Walikaa 112. Wamepotea 56, mmoja katika kila watatu.

Ukigawa wale 101 waliofaulu kwa 168, unapata asilimia 60. Kwa hiyo shule ileile ina ufaulu wa asilimia 90 ya waliofanya mtihani na asilimia 60 ya waliopaswa kufanya. Zote mbili ni sahihi, zinajibu maswali tofauti, na mzazi ana haki ya kuzijua zote.

Hesabu hii huharibika sehemu tatu. Ya kwanza ni kuwahesabu waliohama kuwa watoro. Uhamisho uthibitishwe kwa namba ya utambulisho ya PREM ambayo mwanafunzi anabaki nayo anapohama, siyo kwa maneno ya “nasikia yuko Mwanza”. Ya pili ni watoro wa muda mrefu ambao majina yao bado yamo kwenye daftari la mahudhurio; fedha za uendeshaji hupelekwa kwa kuhesabu wanafunzi, hivyo kulisafisha daftari hakumfurahishi kila mtu. Ya tatu ni wasichana waliojifungua. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, na akirudi mwaka unaofuata atakuwa na kundi jingine. Huyo ni mrudi, asiandikwe kwenye mdondoko, yaani walioacha shule.

Shule inaweza pia kupandisha asilimia yake bila kufundisha zaidi: kuwaacha wadhaifu waondoke kimyakimya kidato cha tatu. Ndiyo sababu ufaulu wa waliofanya mtihani ukipanda ghafla, swali la kwanza liwe idadi ya waliofanya. Asilimia ikipanda huku watahiniwa wamepungua na wapotevu wameongezeka, makofi yasubiri kwanza.

Waliingia na nini

Baada ya darasa la saba watoto hawaendi sekondari kwa bahati nasibu. Wenye alama za juu kabisa huchaguliwa kwenda shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato. Wengine huenda za ufundi na za bweni. Wenye uwezo wa fedha huenda binafsi. Shule ya kata inawapokea waliobaki, na tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 inawapokea wengi zaidi, wakiwemo ambao zamani wangeishia darasa la saba. Kuiweka Ilboru na shule ya kata kwenye orodha moja na kuuliza nani anafundisha vizuri ni kupima mbio bila kuangalia nani alianzia wapi.

Hapa ndipo makosa makubwa zaidi hufanyika, hata na watu wenye nia njema. Chukua miaka miwili ya shule moja, watahiniwa 100 kila mwaka.

Mwaka wa kwanza, 30 waliingia na B ya darasa la saba na 70 waliingia na C. Katika wenye B, 18 walipata divisheni one hadi three, asilimia 60. Katika wenye C, 7, asilimia 10. Jumla 25 kwa 100.

Mwaka wa pili, walioingia na B ni 15 tu na wenye C ni 85. Katika wenye B, 10 walipata one hadi three, asilimia 67. Katika wenye C, 11, asilimia 13. Jumla 21 kwa 100.

Soma tena. Wenye B wamefanya vizuri kuliko watangulizi wao. Wenye C pia. Shule “imeshuka” kutoka 25 hadi 21. Kilichobadilika ni mchanganyiko wa walioingia. Labda kata jirani imefungua sekondari yake, au wasichana wenye alama nzuri wamechukuliwa na shule mpya ya wasichana ya mkoa. Mkuu wa shule huyu akiitwa kujieleza, hana kosa la kujieleza. Anastahili kuulizwa amefanyaje, ili wengine wajifunze.

Na kinyume chake kipo, na kinafichwa kwa urahisi zaidi: shule inayopokea wenye B wengi kuliko zamani, jumla inapanda, huku kila kundi likifanya vibaya zaidi. Hiyo hupewa cheti.

Kwa kazi hii tumia daraja la darasa la saba, usitumie alama ghafi bila kuangalia mwaka. Waliofanya kidato cha nne mwaka 2024 walifanya darasa la saba mwaka 2020, masomo matano, jumla alama 250, na C ilikuwa 101 hadi 150. Mwaka 2021 yakawa masomo sita na alama 300, C ikawa 121 hadi 180. Alama 140 ya 2020 ni C ya juu. Ya 2021 ni C ya chini.

Umbali, chakula, msimu

Katika shule yetu wasichana walioingia kidato cha kwanza walikuwa 96 na wavulana 84. Waliofika mtihani ni wasichana 52 na wavulana 60. Divisheni one hadi three: wasichana 8 kati ya 52, asilimia 15, wavulana 16 kati ya 60, asilimia 27. Kikao kikiishia hapo, utasikia kwamba wasichana wa kata hii “hawapendi shule”.

Gawanya mara moja zaidi. Wasichana 20 wanakaa hosteli, 32 wanatoka nyumbani. Wa hosteli, 6 wamepata one hadi three, asilimia 30, zaidi ya wavulana. Wa nyumbani ni 2, asilimia 6. Jinsia ilikuwa imeficha umbali. Anayetembea kilomita saba asubuhi na saba jioni anafika nyumbani giza linaingia, kuna maji ya kuchota na kupika, na njiani kuna wa bodaboda anayempa lifti yenye masharti. Hapo hata hivyo usikimbilie kusema hosteli peke yake ndiyo dawa: aliye hosteli ni ambaye mzazi wake aliweza kuchangia chakula, na huenda aliingia na B. Walinganishe wenye C wa hosteli na wenye C wa nyumbani, ndipo useme.

Chakula cha mchana kinaonekana kwenye mahudhurio ya vipindi vya mchana, si kwenye mtihani moja kwa moja. Elimu haina ada, ila makande na uji wa shule ya kutwa hutegemea mahindi, maharage na fedha za wazazi. Weka alama kwa anayekula na asiyekula, kisha hesabu vipindi vya baada ya saa saba kwa wiki mbili. Mara nyingi walimu hushangaa jinsi mstari unavyokatika pale pale.

Daftari la mahudhurio lisomwe wima pia, kwa siku ya wiki na kwa mwezi. Penye mnada wa kila wiki, siku hiyo safu itakuwa na matundu. Kwenye visiwa na mialo ya Ziwa Victoria, dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa hiyo wavulana hupungua mwezi ukiwa haupo na kurudi mwezi unapong'aa. Mtwara na Lindi korosho huangushwa miezi ileile ambayo kidato cha nne wanajiandaa na kuukalia mtihani wa Novemba. Mwaka una siku 194 za masomo. Anayekosa siku moja kila wiki ameshapoteza karibu 40, na somo linalojengwa ngazi juu ya ngazi kama hisabati halimsubiri.

Lugha

Shule za msingi nyingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Siku ya kwanza ya sekondari baiolojia, historia na jiografia zinageuka Kiingereza. Kuna kozi fupi ya lugha mwanzoni mwa kidato cha kwanza, na katika shule nyingi haitoshi. Jedwali la masomo linaweza kukuonyesha ukubwa wa ukuta huu. Linganisha GPA ya Kiswahili na ya historia kwa watahiniwa walewale. Kiswahili kikiwa 3.1 na historia 4.5, jiulize kama mtoto hajui habari za Maji Maji au anazijua na hana sentensi ya kuziandika. Njia ya kupima ni rahisi: mpe mwanafunzi swali lilelile la historia kwa lugha zote mbili, wiki moja ikipita katikati, na lisahihishwe kwa mwongozo mmoja. Pengo likiwa kubwa, vitabu vipya vya historia havitamsaidia kabla ya kusoma na kuandika kwa Kiingereza kushughulikiwa kidato cha kwanza.

Watoto wenye ulemavu ni kundi dogo ambalo asilimia haiwezi kulieleza, kwa hiyo waangaliwe mmoja mmoja. Mwenye uoni hafifu ambaye shule haikumtaja wakati wa usajili atapewa karatasi ya maandishi ya kawaida, na F yake itakuwa ya ofisi, siyo yake.

Kujenga jedwali moja

Kazi yote hii inatoka kwenye karatasi moja ya kompyuta yenye mstari mmoja kwa kila mwanafunzi: namba ya PREM, jinsi, shule ya msingi, daraja la darasa la saba, kitongoji, kilomita, hosteli au nyumbani, anakula shuleni au hapana, matokeo ya kidato cha pili, siku alizohudhuria kidato cha tatu na cha nne, divisheni ya moko, divisheni ya mwisho. Safu ya mwisho kabisa iandikwe kilichomtokea asiyefika: amehama, anarudia, ameolewa, ameacha kwa kazi, amefariki, hajulikani. “Hajulikani” ikizidi kumi, mratibu elimu kata na wenyeviti wa vitongoji wapewe majina kabla ya hesabu yoyote.

Kilomita usiulize kwa mtoto, atasema “mbali”. Chukua kitongoji, uliza nauli ya bodaboda na upime mara moja kwa kila kitongoji.

Usigawe makundi mpaka yakabaki ya watu wanne watano. Kwenye wasichana 52, mmoja ni karibu asilimia mbili. Kwenye kundi la watano, mmoja ni asilimia 20, na homa ya malaria ya siku moja ya mtihani inakuwa “mwelekeo”. Makundi madogo yajumlishwe kwa miaka mitatu. Kwa sababu hiyohiyo vituo vyenye watahiniwa chini ya 40 vimekuwa vikitengwa na vikubwa katika upangaji.

Jedwali lenye majina lisitoke ofisini. Kinachopelekwa kwenye bodi ya shule na mkutano wa wazazi ni jumla za makundi, na kundi lolote lenye watu wachache kiasi cha kijiji kizima kumjua mhusika liachwe.

Wakati mzuri wa kuanza ni wiki ya kuripoti kidato cha kwanza, mzazi akiwa amekaa mbele ya meza na fomu mkononi: shule ya msingi, daraja, kitongoji, mtoto atalala wapi. Dakika tano kwa kila mwanafunzi. Ukisubiri kidato cha nne, theluthi ya wale ambao habari zao ndizo zinazohitajika zaidi watakuwa hawapo wa kuulizwa.